Mwanga Chini ya Rula

Hakuwa na nywele, wala hakuwa na kofia ya kuficha kwamba hana. Hakuwa na saa, kwa sababu hakupenda kitu kizunguke mkononi mwake bila ruhusa yake. Hakuwa na ukucha kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Mashine iliuchukua zamani na haikuurudisha. Hakuwa na mke tena, Mungu amrehemu, na hakuwa na subira na waliomshauri aoe mwingine. Karakanani mwake hakuwa na kiti cha wageni, kusudi wageni wasikae. Hakuwa na mtu wa kumwambia amekosea, maana waliowahi kujaribu walikwisha kwenda zao. Na hakuwa na bao.

Mengine yote alikuwa ameyazoea, kama mtu anavyozoea pengo la jino. Bao hata hakulihesabu katika vitu alivyokosa. Hakulikumbuka kabisa, au ndivyo alivyojiambia, mpaka siku gari la mikate la dada yake lilipochemka njiani.

Watu walimwita Bapa. Kazi yake ilikuwa kuchonga silinda hedi, na ilisemekana kwamba kitu kikipita mkononi mwake hakitoki na kilima wala bonde. Karakana yake ilikuwa ya mabati, na paani palikuwa na bati moja linaloangaza, limefifia kwa umri, likipitisha mwanga mweupe mzito kama maziwa. Chini ya mwanga huo ilisimama mashine ya marehemu baba yake, ya kijani, yenye meza ndefu inayotembea polepole na gurudumu linalozunguka juu yake. Hedi ikifungwa mezani, gurudumu liliupitia uso wake na kuubandua utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Vumbi la alumini lilianguka kama unga. Mashine iliimba wimbo wa sauti moja, na Bapa, mikono nyuma, macho nusu, alisimama akiusikiliza. Waliomjua walisema ukimkuta mashine inaimba usimwamkie, kwa sababu hayupo.

Asubuhi hiyo mashine ilikuwa kimya, ndipo aliposikia vishindo vya watu wawili waliobeba mzigo mmoja. Mbele alikuwa dada yake, anayemfuata kwa kuzaliwa, mwoka mikate, mwenye unga kwenye nyusi saa zote. Nyuma alikuwa fundi wa gereji ya jirani, aliyeitwa Moshi, kwa sababu magari aliyoyatengeneza yalijulikana yakiwa bado mbali. Mzigo wenyewe ulikuwa kwenye trei ya mikate, umefunikwa kitambaa cheupe.

"Kaka, shikamoo. Nimekuletea mkate."

"Marahaba." Bapa alifunua kitambaa, akaitazama hedi. "Huu umeungua."

"Bomba la rejeta lilipasuka, mzee," alisema Moshi. "Maji yakaisha yote. Na mwenzetu naye akaendelea kukanyaga mafuta."

"Ulitaka nisimame?" dada akamrukia. "Mikate ilikuwa ya moto, watoto shuleni wananingoja, nisimame niitazame ikipoa?"

"Basi ukaona heri ipikike injini."

Bapa hakucheka. Alikuwa amekwisha kuweka viganja vyake juu ya hedi, kama mtu anayemshika mgonjwa paji la uso. Silinda hedi ni kifuniko cha injini. Chini yake moto unawaka, ndani yake maji yanapita, juu yake oili inatiririka, na kati yake na bloku kuna gasketi, kitu chembamba kama gamba la kitabu, ambacho kazi yake ni kuyazuia hayo matatu yasijuane. Joto likizidi, hedi hujikunja. Hedi ikijikunja, gasketi huachia. Hapo ndipo moto, maji na oili huanza kutembeleana, na nyumba ikawa haina mwenyewe.

"Oili ilikuwaje?" aliuliza.

"Kama chai ya maziwa, mzee."

"Ulipolegeza bolti, hedi ilikuwa ya moto au imepoa?"

Moshi akazitazama ndara zake. Dada akakitazama kitambaa chake.

"Mimi ndiye niliyemharakisha," alisema dada hatimaye. "Nilimwambia, fungua upesi, kesho kuna mikate."

"Hedi ya moto hailegezwi bolti. Inangojwa ipoe, na inalegezwa kutoka pembeni kuja katikati, kidogo kidogo. Ukiiachia ghafla ni sawa na mtu aliyevunjika mguu ukamfungua kabla mfupa haujashika. Inajikunja inavyopenda."

"Si wanasema samaki mkunje angali mbichi," Moshi alijaribu kuleta utani.

"Na hedi huikunja mjinga ingali moto. Niwekee hapo, nendeni."

Hawakwenda. Walisimama tu, kwa kuwa kiti hakikuwapo.

Bapa aliiosha hedi kwa mafuta ya taa. Aliyakwangua masalio ya gasketi kwa kipande cha mti mgumu, maana chuma kingeujeruhi uso laini wa alumini. Aliupaka uso mafuta ya taa tena, akaufuta ukakauka, kisha akausugua kwa chaki nyeupe. Wakangoja. Kama kungekuwa na ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yangepanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Dada alishika mdomo. Chaki ilibaki nyeupe, kimya, kama uwanja asubuhi kabla mtu hajapita.

"Haina ufa," alisema Bapa, na dada akapumua.

Kisha alitoa rula. Ilikuwa rula ya chuma, nene, ya baba yake, iliyoviringishwa kwenye flana kama kichanga. Aliisimamisha kwa ukingo wake juu ya uso wa hedi, kutoka ncha hii mpaka ile, akapiga magoti ili jicho lake liwe sawa na chuma, upande wa pili ukiwa mlango uliojaa jua.

Kati ya rula na hedi kulikuwa na mwanga.

Ulianza kwenye ncha kama uzi, ukanenepa katikati, ukakonda tena kwenye ncha ya pili. Bapa aliutazama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Siku zote mwanga huo ulimvuta. Ulionekana kama alfajiri ya nchi ndogo sana, ambako watu bado wamelala na hakuna aliyechelewa kwa jambo lolote. Aliigeuza rula, akaiweka mshazari, akaiweka mshazari wa pili. Alfajiri ilikuwa palepale.

Alichukua fila, kile kishada cha vibati vyembamba ambavyo mafundi huviita majani, kila jani na unene wake. Alipitisha jani jembamba chini ya rula, likapita. Akapitisha nene kidogo, likapita. Akaja kwenye jani moja ambalo baba yake alilikwaruza alama ya msalaba kwa msumari. Likapita nalo, kwa shida, likisuguana juu na chini, kama mtu anayepita kwenye mlango uliomtosha.

"Hili la msalaba," alisema Bapa, "baba alikuwa akisema likipita, usiwashe mashine. Kaa kwanza ufikiri."

"Si uichonge tu, kaka? Ubandue hicho kilichozidi."

Bapa alipima unene wa hedi, akauliza kwa ukali nani aliyewahi kuichonga, maana nyama iliyobaki ilikuwa kidogo mno. Dada akamwonyesha alama iliyopigwa ubavuni: nukta ndani ya mraba.

"Wewe mwenyewe," alisema. "Mwaka ule niliponunua gari. Ukajisifu wiki nzima."

Moshi akakohoa kohoa kwa namna ya mtu anayekicheka kitu kingine.

"Basi nyama haipo," alisema Bapa. "Nikichonga tena, valvu zitashuka zigonge pistoni. Na hata nyama ingekuwapo, tazameni."

Aliigeuza hedi upande wa mgongo. Huko juu hulala kemshafti, fimbo yenye mayai ya chuma yanayosukuma valvu, na fimbo hiyo hukaa kwenye vitanda vilivyopangwa mstari mmoja. Alikuwa ameshatoa valvu zote, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuizuia. Aliilaza fimbo, akaikaza vifuniko vyake taratibu, akaizungusha kwa vidole viwili. Ilizunguka kidogo, ikasimama. Akajaribu kuirudisha. Ikakataa.

"Uso naweza kuuchonga ukawa kama maji mtungini," alisema. "Mgongo ungebaki umepinda vilevile. Ukiwasha, fimbo hii inavunjika kabla hujafika sokoni."

"Kwa hiyo?"

"Inatakiwa kunyooshwa. Nzima."

Dada alijipangusa unga kwenye nyusi, na unga mwingine kutoka mkononi ukashika pale pale. Ni yeye na kaka yake tu waliojua kilichokuwa kimesimama katikati yao wakati huo, na kwa hiyo Moshi, ambaye hakujua, ndiye aliyeuliza.

"Hiyo kazi ya kunyoosha inafanywaje, mzee?"

Inafanywa kwa bao. Bao ni bamba la chuma nene kama tofali, lenye matundu ya bolti. Hedi hulazwa juu yake, vipande vyembamba vya shaba vikatiwa chini ya ncha zake mbili, na katikati ikavutwa chini kwa bolti, kidogo tu, kwa adabu. Kisha vyote viwili hutiwa kwenye joto la taratibu, vikakaa, vikaachwa vipoe vyenyewe bila mtu kuvigusa. Joto huilegeza alumini, ikasahau pindo lake, ikakumbuka ilivyozaliwa. Baba yao alikuwa na mashine kwa ajili ya nyuso na bao kwa ajili ya migongo, na hakuwahi kutumia kimoja bila kukitazama kingine.

Baba alipofariki, wanawe wa kiume wakagawana. Bapa, mkubwa, akachukua mashine. Mdogo wao, waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, hivi viwili havitengani." Majirani walikuwapo, na Bapa siku hiyo alikuwa na mashine mpya rohoni mwake kama mtu mwenye shati jipya. Alicheka. "Chukua gogo lako," alisema, "ukalifulie nguo." Majirani nao wakacheka, na hilo ndilo lililobaki. Kitinda alilipakia bao kwenye mkokoteni, akaenda nalo mji mwingine, na huko, dada alisema, watu walimletea hedi kutoka mbali. Alirudi mara moja tu, kwenye mazishi ya mke wa Bapa. Alishika koleo, akafukia pamoja na wengine, akaondoka kabla ya chai.

"Wewe humwandikia," Bapa alimwambia dada yake, Moshi alipokwisha kwenda. Enzi zile simu ilikuwa kitu cha ofisi na hospitali, watu waliandikiana. "Mwandikie alete bao."

"Simwandikii."

"Gari ni lako!"

"Gari langu, bao lake, cheko lako. Alishaniambia: siku kaka atakapoliomba kwa mkono wake mwenyewe, nalileta mgongoni. Mimi mkono wangu ni wa kukandia unga."

"Dada."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, kaka."

"Mimi kazi yangu ni kunyoosha, si kuinama."

"Basi nyoosha mkono, ushike kalamu." Akachukua trei yake, akaenda zake.

Hedi nyingine haikupatikana. Gari lile kiwanda chenyewe kilikuwa kimeshalisahau. Dada akawa anasambaza mikate kwa baiskeli ya kuazima, na baiskeli haina haraka ya gari. Shule na hospitali zikampa mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo watatafuta mwoka mikate mwenye magurudumu manne. Mikate iliyochelewa ilirudi. Kila jioni aliileta karakanani, akaipanga juu ya benchi la Bapa bila neno, mmoja juu ya mwingine, mpaka benchi likawa na ukuta. Bapa alikula aliyoweza. Siku moja Moshi alimkuta ameweka rula juu ya mkate, amepiga magoti, anatazama mwanga.

"Vipi, mzee, nao umejikunja?"

"Mikate yote imejikunja," alisema Bapa. "Ndiyo maana hailali vizuri mmoja juu ya mwingine. Toka."

Ndipo akaamua kutengeneza bao lake. Kwa mchomelea mageti alipata bamba la chuma. Lilikuwa jembamba kuliko lile la baba, lakini chuma ni chuma, alijiambia. Alilitoboa matundu, akakata vipande vya shaba, akaifunga hedi juu yake, akaipeleka kwa dada mchana, wakati mikate imeshatoka na tanuri bado lina joto la kulala. Dada alilifungua tanuri bila kuuliza. Alikuwa na namna ya kutouliza iliyosikika mpaka nje.

Chumba cha mikate kilikuwa na joto la kwapa la mama. Unga ulielea katika mwanga wa dirisha, haupandi wala haushuki. Bapa alikaa juu ya magunia kungoja, akaegemea ukuta, na harufu ya chachu ikamfunga macho.

Aliota yuko kwenye uwanda mweupe, mpana, uliochongwa vizuri. Aliujua: ulikuwa kazi yake. Palikuwa na mabwawa manne ya mviringo, makubwa, yamejipanga, na kando yake visima vidogo vidogo ambavyo maji yalipumua ndani yake. Alitembea miguu mitupu na chini palikuwa vuguvugu. Hapakuwa na kilima wala bonde, akafurahi, akasema kwa sauti, "Nani mwingine angeweza?" Sauti ikaenda na haikurudi. Kisha kwa mbali, upande wa pili wa mabwawa, aliona kichwa cha mtu. Kichwa tu. Akapiga hatua, kikawa kichwa na mabega. Akajua ni Kitinda. Akapunga mkono, Kitinda naye akapunga, lakini kiuno chake hakikuonekana, wala miguu. Uwanda wenyewe ulimficha, kama mwinuko unavyomficha mtu anayeupanda kutoka upande wa pili. Bapa akasimama. "Hapa pamenyooka," alisema. "Mbona sikuoni miguu?" Kitinda akajibu, na maneno yakaja polepole yakielea kama unga, "Mimi pia sikuoni yako, kaka."

Alipoamka tanuri lilikuwa limepoa na mashavu yake yalikuwa na unga. Dada alikuwa ameketi mbele yake kwenye debe, anamtazama.

"Uliongea," alisema.

"Nilisema nini?"

"Ulimwamkia mtu."

Waliitoa hedi pamoja. Bapa alifungua bolti kutoka pembeni kuja katikati, kidogo kidogo, kwa adabu zote, akaiweka rula. Alfajiri ilikuwa palepale. Akachukua bamba la mchomelea mageti, akaweka rula juu yake pia, akapiga magoti dirishani. Nako kulikuwa na mwanga. Badala ya bamba kuinyoosha hedi, hedi ilikuwa imelipindisha bamba. Vilikuwa vimekaa kwenye joto mchana kutwa, vikafundishana ubaya.

Aliitia fimbo kwenye mgongo, akaizungusha. Ikakataa pale pale ilipokataa mwanzo. Hakuwa na hasira. Alibaki amepiga magoti, mkono juu ya alumini iliyokuwa bado na uvuguvugu, na aliwaza kwamba akijaribu tena hivi hivi itapasuka, na ikipasuka chaki haitabaki nyeupe tena.

"Dada," alisema bila kugeuka. "Una karatasi?"

Dada alimpa karatasi ya kufungia mikate. Alimpa na kalamu ya risasi aliyoitumia kuandika oda, fupi, yenye alama za meno. Bapa aliandika amesimama, akamsomea.

"'Lete bao. Hedi ya dada imejikunja.'"

"Hiyo barua au amri ya polisi?"

Akaandika nyingine. Hiyo ilianza na salamu, ikaja kwenye mvua, ikazunguka kwa afya ya majirani mmoja mmoja, na ilipofika mwisho wa karatasi ilikuwa haijafika kwenye bao. Dada alisikiliza yote.

"Mvua umeieleza vizuri," alisema.

Bapa akaikunja karatasi, akaenda zake. Hakumwambia anakokwenda. Kwanza alilibeba bamba lililojikunja mpaka kwa mchomelea mageti, wakabishana, na alirudi nalo likiwa na miguu minne. Alilisimamisha katikati ya karakana, chini ya bati linaloangaza. Kisha alikaa kwenye benchi, akausogeza ukuta wa mikate kando, akachukua fila ya baba yake.

Majani ya fila yalishikwa pamoja na ribiti moja ndogo, ambayo baba yao aliipiga kabla Bapa hajazaliwa. Bapa aliipasua kwa tindo nyembamba. Ilitoka kwa pigo moja jepesi, kana kwamba ilikuwa ikingoja aombe. Majani yakatawanyika mezani, yakalala yakimeta, na akachagua lile la msalaba. Mengine akayafunga kwa uzi. Sasa hakuwa na fila nzima, akaliongeza hilo kwenye orodha ya vitu alivyokosa.

Barua aliyoandika ilikuwa hii, na dada aliisoma mwenyewe, ameketi:

"Mdogo wangu. Hedi ya gari la dada imepata moto ikajikunja. Uso ningeweza kuuchonga, mgongo siwezi. Mgongo unataka bao, na bao ninalolijua ni moja, lile nililolicheka mbele za watu. Nimejaribu la kujitengenezea likapinda. Ulisema haya mawili hayatengani. Nilikusikia siku ile ile, ila nilikuwa nimeshaanza kucheka, na mtu akishaanza ni vigumu kusimama. Ndani ya barua nimetia jani la baba, lile la msalaba. Ndilo lililopita katikati, chini ya rula, likisuguana. Utajua ukate shaba ya unene gani. Usilitume bao kwa lori, njoo nalo. Tanuri lipo. Safari hii ngoja chai. Kiti kipo pia. Kaka yako."

Dada aliirudia kusoma. Kisha akainuka, akakigeukia kitu alichokuwa amekikalia.

"Hiki ndicho kiti?"

"Ndicho."

"Ni lile bamba? Mbona nimekaa sawa tu? Limenyooka."

"Limepinda."

"Halijapinda, kaka."

"Nikikaa nalisikia," alisema Bapa. "Lakini kwa kukaa linafaa."

Dada alicheka mpaka unga ukamdondoka kwenye nyusi, na cheko hilo, kwa kuwa halikumcheka mtu, lilikaa vizuri chini ya mabati yale. Wakaenda pamoja kwenye chumba cha mikate kutafuta bahasha. Iliyopatikana ilikuwa ya zamani na gundi yake ilikuwa imekufa. Dada akachota unga kidogo, akautia maji, akaukoroga kwa kidole ukawa uji mzito. Bapa alilifunga jani kwa kipande cha karatasi lisikate, akalitia ndani ya barua, barua akaikunja, akaitia kwenye bahasha. Akaupaka mdomo wa bahasha kwa uji wa unga, kutoka ncha mpaka ncha, utando mwembamba ulio sawa, kama mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote. Dada akapitisha juu yake gogo la kusukumia unga. Wakaiweka juu ya tanuri ikauke, wakasimama wakiitazama, hakuna aliyekuwa na haraka.

Posta ilikuwa karibu na kufungwa. Karani, msichana mwenye miwani, aliipima bahasha mkononi, akaibonyeza.

"Kuna kitu kigumu humu, babu."

"Kuna kipimo."

"Kipimo cha nini?"

Bapa alifikiri. Nyuma yake mlango ulikuwa umerudishwa, na jua la jioni lilikuwa limelala chini, likipita kati ya kizingiti na ubao wa mlango kama uzi.

"Cha pale palipoachana," alisema.

Karani akaitazama ile bahasha yenye harufu ya mkate, akabandika stempu, akagonga muhuri, akamrudishia, akamwonyesha tundu la sanduku ukutani. Bapa aliitia mwenyewe. Aliishikilia kidogo kwa kidole kisicho na ukucha, kisha akaiachia, na kutoka chini ya sanduku, ndani ya giza la barua za watu wengine, akasikia jani la baba yake likigonga bati, mara moja.